Kibanda cha kivuli juu ya mawe ya Goma: namna ya kukifunga kisibebwe na upepo

Kibanda cha kwanza nilichojenga bila mwalimu wangu kusimama pembeni kilikuwa mtaa wa Keshero, nyuma ya nyumba ya mama mmoja ambaye ni rafiki wa mama yangu mzazi. Kilikuwa na nguzo nne za mkaratusi, manjanja (mabati) sita juu, na nafasi ya kutosha familia nzima kukaa Jumapili. Kilidumu miezi mitano. Alasiri moja ya mwezi wa kumi upepo ulitangulia mvua kutoka ziwani, paa likanyanyuka zima, likavuka ukuta wa mawe na kuangukia migomba ya jirani. Watoto walikuwa wameitwa ndani dakika chache kabla.

Nilipofika nilikuta nguzo tatu bado zimesimama. Juu ya kila moja palikuwa na matundu mawili ya misumari, safi, mviringo, bila hata ufa. Misumari yenyewe ilikuwa imekwenda na boriti, imenyooka kama nilivyoipigilia. Nguzo ya nne ilikuwa imelala chini, na miguuni mwake limeng'ang'ania bonge la simenti lenye ukubwa wa ndoo ndogo. Mama yule hakunipigia kelele. Alilitazama bonge lile kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, hapa mlichomeka. Hamkufunga."

Tangu siku ile nimejenga vibanda vingi Himbi, Katindo, Majengo na Ndosho, na kila nikianza kazi nasikia sauti yake. Ninaandika mwongozo huu kwa fundi kijana, na pia kwa mwenye parseli (kiwanja) anayetaka kumsimamia fundi wake akijua cha kuuliza. Wengine wanakiita payoti, wengine pergola. Kwangu ni kibanda cha kivuli: nguzo, boriti, na paa lisilo na kuta.

Kwanza elewa nguvu inavyokwenda

Nyumba ina kuta, kwa hiyo upepo unaipiga ubavuni. Kibanda kiko wazi. Upepo unapita chini ya paa na juu yake kwa wakati mmoja, na paa linavutwa kwenda juu. Ndiyo maana fundi aliyezoea nyumba hukosea hapa. Anawaza jinsi ya kubeba uzito ushuke chini, wakati kazi kubwa ni kuzuia kitu kisipande.

Chukua paa la mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Upepo wa kilomita 70 hivi kwa saa, kwenye kimo cha Goma cha mita 1,500 hivi ambako hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani, unaweza kulivuta paa hilo juu kwa nguvu sawa na kilo 250. Upepo wa kilomita 100 kwa saa hauongezi nusu tu. Unafika karibu kilo 500, kwa sababu mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake huongezeka mara nne. Sasa pima uzito wa paa lenyewe: manjanja membamba ya mita 12 za mraba hayazidi sana kilo 40. Ongeza mbao zote za juu, labda unafika kilo 150 au 200. Kinachobaki lazima kishikwe na ardhi kupitia nguzo. Kama nguzo haijafungwa na ardhi, au boriti haijafungwa na nguzo, au manjanja hayajafungwa na boriti, upepo utapata pale palipo dhaifu na kuanzia hapo.

Na kuna uzito unaotoka juu. Mdogo wangu anayeishi Montréal aliniomba nimchoree kibanda cha nyuma ya nyumba yake, nikajikuta najifunza mambo ya theluji. Theluji mbichi, sentimita 10 juu ya paa, ina kilo 5 hadi 10 kwa kila mita ya mraba, lakini ikilowa na kushindiliwa inaweza kufika kilo 40. Inajilimbikiza wiki kwa wiki, kwa hiyo paa la huko hupimwa kwa mzigo mkubwa ambao hapa hatuujui. Misingi yao nayo huenda chini mita 1.2 hadi 1.5, kwa sababu udongo wenye maji ukiganda huvimba na kusukuma msingi juu. Ninalitaja hili kwa kuwa vijana wengi wanajifunza kwenye video za watu wa nchi za baridi, wanarudi wakisema shimo lisiposhuka mita moja na nusu halifai. Hapa ardhi haigandi. Sisi tunachimba ili kupata uzito na kushikilia, na kwenye udongo au kokoto zetu sentimita 60 zilizofanywa vizuri zinatosha kwa kibanda cha ukubwa huu.

Lakini tusidhani sisi hatuna cha kutuangukia. Tuna mvua ya mawe, na tuna majivu. Baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, sakafu ya kreta ilipoporomoka, majivu yalishuka mpaka mjini. Majivu ni mazito kuliko theluji: sentimita 1 tu ikiwa kavu inaweza kuwa na kilo 5 hadi 13 kwa mita ya mraba, na ikinyeshewa inafika kilo 10 hadi 20. Kwenye paa la mita 12, sentimita 2 za majivu yaliyolowa zinaweza kukaribia nusu tani. Hizo zinakusukuma chini, halafu jioni upepo unakuvuta juu. Kibanda chetu lazima kivumilie yote mawili.

Kuchagua mahali

Usikiweke kibanda kwenye bonde la parseli, hata kama ndipo palipo na kivuli na utulivu. Sababu ya kwanza ni maji. Ya pili ni mazuku. Watu wa upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga na kandokando ya ziwa, wanaijua: hewa ya kaboni inayotoka kwenye nyufa za ardhi, isiyo na rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayotulia mabondeni hasa usiku na asubuhi kabla jua na upepo havijaitawanya. Mtoto anayecheza chini huivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama. Waulize majirani wa siku nyingi kama kuku au mbuzi waliwahi kufa pale bila ugonjwa. Wakisema ndiyo, hamia mahali pa juu.

Kwa sababu hiyohiyo, fundi, shimo la msingi katika mitaa hiyo lichimbwe mchana, upepo ukiwepo, na usifanye kazi peke yako. Usiingize kichwa shimoni asubuhi mapema. Mwenzako akianguka humo usimfuate kwa kuinama. Mvute kwa kamba ukiwa umesimama.

Acha nafasi kati ya kibanda na nyumba, angalau sentimita 15. Wengi wanapenda kuegemeza upande mmoja kwenye ukuta ili kuokoa nguzo mbili. Nyumba ya mbao haikujengwa kuvutwa na paa la nje, na nyumba ya matofali nayo hutikisika kwa namna yake. Wakati wa matetemeko ya 2021 tuliona majengo mawili yaliyogusana yakigongana na kupasuana. Kibanda kisimame kwa miguu yake.

Msingi: hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Goma hakuna ardhi ya aina moja. Kuna parseli zenye udongo mweusi wa kina, kuna zenye kokoto za lava zilizolegea juu ya mwamba, na kuna zile ambazo lava ya tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 ilipita, ambako ukipiga jembe unapata cheche. Kabla ya kununua hata msumari mmoja, piga baramina (mtaimbo) mahali pa kila nguzo.

Sikiliza. Mwamba mzima unalia kwa sauti kali, kama kengele ndogo, na baramina inaruka mkononi. Mwamba wenye tundu chini unajibu kama debe tupu. Lava ilipokuwa ikipoa iliacha mashimo na mapango madogo, na ganda la juu laweza kuwa la sentimita 10 tu. Ukisikia debe, sogeza nguzo nusu mita, piga tena. Ukipata kokoto zinazochezacheza, ziondoe zote mpaka ufikie kitu kigumu au ufike kina cha shimo lako. Mimi sikuziondoa kule Keshero. Nilimwaga simenti kati ya kokoto, nikadhani zitakuwa jiwe moja. Zilishikana na nguzo, hazikushikana na Goma.

*Penye udongo au kokoto za kina*, chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 60. Zege la shimo hilo lina uzito wa kilo 220 hivi. Kwa nguzo nne unapata karibu kilo 900, ambazo zinazidi ule mvuto wa kilo 500 na kuacha akiba, maana upepo hauvuti pembe zote sawa. Pembe inayotazama upepo hubeba zaidi. Jambo moja linaongeza nguvu bila gharama: panua shimo chini kuliko mdomoni, kama chungu. Zege likikauka haliwezi kutoka bila kuinua udongo ulio juu yake. Vijana hufanya kinyume, wanachimba shimo lenye umbo la faneli kwa kuwa ndivyo mkono unavyotaka, na zege la faneli hung'oka kama jino la mtoto.

*Penye mwamba mzima*, usipoteze siku tatu kuvunja kwa burini (patasi ya chuma). Kodisha mashine ya kutobolea, toboa matundu mawili kwa kila nguzo, upana wa milimita 20 hadi 22, kina cha sentimita 30 ndani ya mwamba mzima, bila kuhesabu ganda la juu lililooza. Kisha fanya kazi ambayo wengi wanairuka: safisha vumbi. Pulizia kwa mrija wa pampu ya baiskeli, sugua kwa waya, pulizia tena, mimina maji, yaondoe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya. Vumbi la lava likibaki ukutani, simenti itashika vumbi na ferabeto (nondo) itatoka na soksi yake. Changanya simenti na mchanga laini uliochekechwa, kipimo kimoja kwa kimoja, mpaka iwe kama uji mzito. Jaza tundu nusu, zamisha ferabeto ya milimita 16 ukiizungusha ili hewa itoke, jazia. Usiiguse siku saba.

Baada ya siku saba, jaribu. Weka jiwe pembeni, funga mnyororo kwenye ferabeto, pitisha baramina, kanyagia kwa uzito wako wote. Isiposogea hata unywele, endelea. Ikisogea, umeokoa paa lako kwa dakika mbili, toboa pengine.

*Penye mwamba uliojaa vitundu kama sponji*, ule mwekundu au mweusi mwepesi unaovunjika kwa nyundo, kutoboa hakusaidii. Hapo tumia uzito: jenga chini ya kila nguzo kasha la mawe na zege, sentimita 60 kwa 60, urefu 50, ndani yake ferabeto zilizofungwa vizuri. Akina mama wengi huomba kasha hilo liachwe na shimo la udongo juu ili wapande maua, na ni wazo zuri, ila hesabu uzito wa zege peke yake, si wa udongo.

Zege lenyewe: ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za kokoto, na maji ndoo nusu, yasizidi sana hapo. Kokoto zetu za lava zina vitundu na zinakunywa maji, kwa hiyo zilowanishe kabla ya kuchanganya. Ukiziweka kavu zitanyonya maji ya simenti na utajikuta unaongeza maji bila kipimo. Mchanga wenye vumbi la majivu uoshe. Funika zege kwa magunia yenye maji wiki nzima. Jua la Goma linaonekana la upole lakini upepo unakausha haraka.

Mguu wa nguzo

Usizike mti ndani ya zege. Najua ndivyo tunavyofanya wote, na najua nguzo inasimama vizuri siku ya kwanza. Lakini maji yanashuka kwenye nguzo, yanakusanyika pale mti unapoingia kwenye zege, hayana pa kutokea, na baada ya mvua za miaka michache nguzo inakatika palepale usawa wa ardhi, wakati juu yake ni nzima kabisa.

Mwambie mchomeleaji akutengenezee kiatu cha chuma: bamba la milimita 5 au 6 lililokunjwa kama herufi U kwa upana wa nguzo yako, matundu mawili ya buloni (bolti) kila upande, na chini yake ferabeto mbili zenye miguu iliyokunjwa za kuzama kwenye zege. Kwenye mwamba uliotobolewa, bamba la chini linachomelewa kwenye zile ferabeto zilizosimama. Kiatu kiinuke sentimita 4 juu ya zege ili mti usiguse maji. Zege nalo ulilaze kidogo kwa pande zote, maji yakimbie.

Kuhusu chuma, hapa kwetu kuna adui ambaye vitabu vya kwingine havimtaji. Moshi wa volkano hufanya mvua iwe na asidi, na asidi inakula zinki. Ndiyo maana manjanja ya upande wa Rusayo na Sake, ambako upepo hupeleka moshi mara nyingi, huota kutu mapema. Paka kiatu antiruye (dawa ya kuzuia kutu) mara mbili kabla ya rangi, hasa kwenye mshono wa kuchomelea, na usiache ndani ya U bila rangi kwa kuwa haionekani.

Nguzo na boriti

Kwa kibanda cha mita 3 kwa 4, nguzo ziwe za sentimita 12 kwa 12 au zaidi. Libuyu na muvula ni bora na ni ghali. Mkaratusi ni wetu, una nguvu, lakini ukiwa mbichi unajipinda na kupasuka. Uache mwezi mmoja au miwili kivulini ukiwa umepangwa na vijiti katikati, na utoboe kabla ya kupiga msumari wowote. Grevilea iache kwa viti. Kama unaleta mbao kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), mwambie kijana azilaze bapa. Nimepokea madriye (mbao nene) zilizopinda kwa sababu zilining'inia njia nzima kutoka sokoni.

Boriti kubwa ni mbili upande wa mbele na mbili upande wa nyuma, madriye za sentimita 5 kwa 15, zimekumbatia nguzo ndani na nje. Shevro za kubeba paa ni 5 kwa 10, kila baada ya sentimita 60. Vipimo hivi vinabeba majivu niliyosema juu bila kulegea. Usiziweke kila baada ya mita moja ili kuokoa mbao chache.

Sasa pale palipoharibika kibanda changu. Nilipigilia misumari kutoka juu ya boriti kuingia kichwani mwa nguzo. Kichwani ndipo nyuzi za mti zinapoishia, na msumari ulioingia sambamba na nyuzi unashika kidogo sana. Ni kama kisu ndani ya fungu la majani: kinaingia kwa urahisi, kinatoka kwa urahisi. Fanya hivi badala yake. Kata bega pande mbili za nguzo, kina sentimita 2 kila upande tu, ili boriti zikae juu ya mti na uzito usibebwe na buloni. Usikate zaidi, nguzo itabaki nyembamba. Toboa boriti, nguzo na boriti ya pili kwa pamoja, pitisha buloni mbili za milimita 12, moja juu na moja chini, zisilingane kwenye nyuzi ileile, na kila upande weka rondela (washa) pana. Rondela ndogo inazama kwenye mti na kulegea.

Kati ya shevro na boriti, msumari wa kulalia hautoshi. Tumia ukanda wa chuma wa upana wa sentimita 3, upite juu ya shevro na kushuka pande zote mbili za boriti, misumari minne kila upande ikiingia kutoka ubavuni. Msumari wa ubavuni hauvutwi kutoka. Unabidi ukatwe, na hiyo ni nguvu nyingine kabisa. Kama ukanda haupatikani, waya mnene wa kufungia, mizunguko minne, uliokazwa kwa kupindwa na koleo, unafanya kazi. Uangalie kila mwaka, kutu huupenda.

Mikono ya kuegemeza

Sukuma kibanda kisicho na mikono na utakiona kinayumba kama meza iliyolegea, maana kiatu cha chuma ni bawaba na buloni ni bawaba. Kila nguzo iwe na mikono miwili ya mshazari, mmoja kuelekea kila upande: ianze sentimita 70 chini ya boriti, ipande kwa nyuzi 45 mpaka sentimita 70 kutoka kwenye nguzo. Shevro ya 5 kwa 10 inatosha, yenye buloni kila mwisho. Mwenye nyumba atasema inamgonga kichwa. Inua paa sentimita 20, usiondoe mikono. Mikono minane kwa nguzo nne. Nimeombwa kuacha minne "ya upande usio na upepo", lakini upepo wa mji huu hugeuka kati ya ziwa na mlima katika siku moja.

Wakati wa kusimamisha, weka mikono ya muda ya mbao za kawaida mpaka ya kudumu ifungwe yote. Ajali nyingi ninazozijua zilitokea katika saa ile ambapo nguzo zimesimama, boriti ziko juu, na mafundi wamekwenda kula.

Paa

Kama unataka kivuli tu, acha paa la fito zenye nafasi kati yake na upandishe marakuja. Upepo unapita, mvuto wake ni mdogo sana. Ila yapunguze marakuja kila mwaka, maana majani yaliyofungamana na kulowa yanakuwa paa zima lisilopimwa.

Ukitaka manjanja, mteremko uwe sentimita 50 kwa mita 3, ukitoka juu upande wa nyumba kwenda chini. Paa lisitokeze nje ya boriti zaidi ya sentimita 30. Ukingo ndio unaoanza kupeperuka. Skrubu zenye mpira ni bora kuliko misumari. Kama ni misumari, iwe mirefu ya kupenya papi (mbao zinazolaliwa na manjanja) na kukunjwa chini yake. Ukingoni funga kila wimbi la pili. Katikati, kila la tatu. Panda asubuhi. Manjanja moja mkononi mwa mtu aliye juu ya ngazi upepo wa alasiri ukianza ni hatari kwake na kwa aliye chini. Bati la plastiki linalopitisha mwanga linapendeza, lakini likishazeeka mvua ya mawe hulivunja. Weka moja katikati kama lazima, si ukingoni.

Bashi (turubai) ni tanga la mtumbwi. Ukiifunga juu au pembeni kwa ajili ya sherehe, ifungue jioni ileile. Zile hesabu zote za msingi nilizofanya hazikujumuisha kuta.

Majivu yakishuka, na ukaguzi

Majivu yakianza, ziba kwanza mfereji unaopeleka maji kwenye tanki, kwa kuwa majivu yana floridi na hayapaswi kunywewa. Ondoa watu chini ya kibanda. Usipande juu ya manjanja: yanateleza, na uzito wako unaongezwa juu ya mzigo uliopo. Simama nje kwenye ngazi iliyoshikwa na mtu, barakoa usoni, sukuma kwa ufagio wenye mpini mrefu kutoka pande zote mbili kwa zamu ili mzigo usibaki upande mmoja. Nyunyizia maji kidogo tu, vumbi litulie. Ukimwaga ndoo unayageuza kuwa tope zito kabla hujayaondoa. Yaondoe yakiwa bado membamba, kabla mvua haijafika.

Miezi mitatu baada ya kujenga, rudi na spana. Mti unakuwa umekauka na kusinyaa, na kila buloni itakubali kuzungushwa nusu au mzunguko mzima. Rudia kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa 8 au mwanzo wa wa 9, kabla pepo za mvua hazijaanza. Chokoa mguu wa kila nguzo kwa bisibisi. Ikizama kirahisi mti umeanza kuoza. Kwaruza kutu kwenye viatu na upake upya. Mikono ya mti paka vidanje (oili chafu ya gari) kama hutaki rangi, lakini si pale watoto wanapoegemea.

Kule Keshero nilijenga upya kwa gharama yangu, kwa namna niliyoieleza hapa. Mwamba wake ulitoka mzima kwa nguzo tatu. Ya nne ilijibu kama debe, tukaisogeza sentimita 40, ndiyo maana ukikaa pale utaona kona moja haiko sawa na nyingine. Mama anaweka mtungi wa maji kwenye kona hiyo. Mwezi wa 9 uliopita nilipitia na spana, nikajaribu buloni zote, mbili tu zikazunguka.